Malalamiko Dhidi ya Hasi Kumi na Nane

Ndugu Katibu wa Chama cha Wanamuziki wa Dansi,
San Martín Texmelucan.

Pokea heshima zangu, na pole kwa kazi. Mimi ni Nicéforo Xicale, mpiga kinanda. Nakuandikia kutoka jikoni, maana kwenye chumba cha kurekodia, ambamo zamani nilikuwa nikilala, nimefukuzwa. Aliyenifukuza ni mpwa wangu Itzayana, aliyesomea mambo ya sauti akarudi na kompyuta.

Tunarekodi kumbia, muziki wetu wa kucheza, kwa ajili ya dansi ya Jumamosi. Kama ujuavyo, kwetu wimbo hauendi bila salamu kusemwa juu yake, ili walioko ng'ambo wasikie majina yao kwenye simu. Safari hii salamu ya kwanza ni ya mwanangu Rutilio, aliyeko Chicago, ambaye sijamtia machoni tangu aondoke hajaota ndevu. Nataka ajue babake bado yumo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye kipimo cha ukubwa wa sauti, kompyuta inanipa hasi kumi na nane. Ndugu Katibu, shuleni nilifeli hesabu, lakini hata mimi nilipata sifuri. Nimewachezesha watu mpaka viatu vikaachia soli, leo naambiwa niko chini ya kutokuwepo. Nilipoomba nipandishwe walau hadi sifuri, mtoto alinijibu: "Mjomba, sifuri ndiyo dari. Ukifika hapo hupandi tena, unapasua kichwa tu."

2. Mbwa wa jirani alibweka karibu na maikrofoni ya salamu, akapewa hasi sita, yaani yuko juu yangu. Sina ugomvi na mbwa. Lakini yeye si mwanachama.

3. Enzi za kanda, mshale wa kipimo ukigusa nyekundu sauti ilinona, na fundi alikupa mkono. Sasa taa nyekundu ikiwaka, Itzayana anashika kichwa kana kwamba nimeunguza maharage. Aliniomba nipige kwa nguvu zangu zote ili apime kwanza. Msanii hamalizi nguvu kwenye majaribio, kwa hiyo nilipiga kwa adabu, kama niko kanisani. Alipoanza kurekodi, nikageuza kinanda kwenye sauti ya tarumbeta, nikafungua mpaka mwisho, nikashuka kwa mikono miwili. Taa iliwaka wimbo mzima. Nilifurahi sana, na hapo ndipo nilipotolewa nje.

4. Anadai nafasi iliyobaki juu yangu ni ya salamu. Yaani nijenge nyumba mimi, ghorofani wakae wengine.

Kwa hiyo naomba chama kiagize kompyuta zote za wilaya zianze kuhesabu kutoka mia. Wapigaji wazee wasishushwe chini ya hamsini. Na mbwa afutiwe alama zake, au alipe ada kama sisi. Ikishindikana, nipewe barua yenye muhuri inayothibitisha kwamba mimi ni namba chanya. Nitaitundika ukutani, Itzayana aione.

Nisalimie mkeo, wajumbe wote, mzee wa ngoma mwenye goti bovu, na yule mama muuza tamale za mahindi pale sokoni.

Wako mwenye uchungu na masikio mazima,
Nicéforo Xicale

N.B. Kabla ya kufunga bahasha, nilimtumia Rutilio ule wimbo wangu mwekundu kwa siri. Akapiga simu akauliza nani anakaanga nguruwe. Jina lake hakulisikia kabisa. Iliniuma, Ndugu Katibu. Nikaenda kugonga mlango wa Itzayana, nikajaribu kwa nguvu zote kama alivyotaka, akanishusha sauti, nikashuka. Tukarekodi upya, nikamtumia.

Rutilio amepiga tena sasa hivi. Amesema amesikia jina lake, na la marehemu mama yake pia. Halafu akaniuliza: "Baba, mmepata mpiga kinanda mpya? Huyu anajua. Mzee amekubali kumpisha?"

Nimemjibu kwamba mzee amekubali, ila kwa shingo upande. Tafadhali ichane barua hii.