Sahani Yangu ya Ukingo wa Buluu

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja, 2024

Mvua ya alfajiri. Maji yameingia ndani bila kupiga hodi. Nimeamka nikaona ndala zangu zinaelea kuelekea mlangoni, kama zimechoka na mimi. Nje, mtaro wetu wa Alunguli umezibwa na sahani za plastiki, zile za kula mara moja na kutupa. Zinazopita mtaro zinaishia mto Lualaba. Wavuvi wanavua sahani, samaki wanacheka.

Zinatoka kwa Philomène, mwenye malewa, kibanda cha kuuzia chakula, pale kivukoni. Wali na sombe yake ya majani ya muhogo, hapana, sitaandika, nitalowesha daftari. Anayemletea makartoni ya sahani ni Édouard, mzee wa treni aliyestaafu. Zawadi, anasema. Zawadi! Mtu mwenye meno manne!

Wakati wa vita hakukuwa na plastiki. Njia zilifungwa, treni ililala. Kila mtu alikuja kwa Philomène na sahani yake kutoka nyumbani. Yangu ilikuwa ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, imebanduka pembeni. Philomène hakuinua hata kichwa. Aliona sahani, akasema: njo ya Papa Elie hii, muongezee sombe. Mpaka siku ile ya mwaka 2002 risasi zilipolia katikati ya chakula. Nilikimbia. Sahani ilibaki. Mimi nikaenda kuchimba madini Kalima, nikakaa huko miaka ishirini na mmoja.

Nimerudi mwaka jana na kikohozi, bila jiwe hata moja. Philomène ananipa wali kwenye plastiki kama abiria aliyeshuka sasa hivi kwenye mutumbwi. Nataka kitu kimoja tu: anijue tena.

Jumanne, tarehe 5

Mpango! Sahani za kutupa zikiondoka, kila mtu atarudi na yake. Édouard atabaki na makartoni, mimi na Philomène.

Niliacha shule mwaka wa nne, lakini karatasi ya serikali naijua: maneno marefu na muhuri. Nimeandika: "Kamati ya Usafi wa Mitaro inaamuru kila mulaji aje na chombo chake. Plastiki marufuku." Muhuri nimeupata kwa kupaka makaa kwenye soli ya ndala ya mguu wa kulia na kuikandamiza mwishoni mwa karatasi. Imetoka maridadi, ina miduara na nyota. Hata mimi nimeiogopa.

Nimeibandika kwenye mlango wa Philomène kabla hajafungua. Nimeondoka kwa vidole vya miguu.

Jumatano, tarehe 6

Wametii! Watu wa Alunguli wanaogopa muhuri kuliko mamba.

Lakini sikuandika ukubwa wa chombo. Mama Geneviève kaja na beseni la kuogeshea mtoto. Mike wa pikipiki kaja na kofia yake ya pikipiki, kaigeuza, kaomba sombe humo humo. Eti chombo ni chombo. Mwingine kaja na sufuria, kasema njo sahani ya kwao tangu babu. Wali umekwisha saa nne asubuhi. Philomène kauliza, kwa sauti iliyofika ng'ambo, mwenyekiti wa hiyo kamati ni nani, aje amuonyeshe mwiko.

Nami nilikuwa mikono mitupu. Mtu wa kuanzisha vyombo, sina chombo! Nimelala na ndizi moja.

Alhamisi, tarehe 7

Aibu. Mvua ilinyesha tena, kukawa na matope mbele ya malewa. Nilipita, mwenyewe nikijifanya sina habari. Édouard alikuwa ameinama, nikadhani mgongo umemkatalia. Kumbe anasoma nyayo zangu! Kabandua ile karatasi, kaiweka kando ya alama ya mguu wangu wa kulia. Miduara, nyota. Kila kitu.

Kasema kwa heshima zote kwamba mwenyekiti kapatikana, tena kavaa kamati yake mguuni.

Watu walicheka mpaka Mike akashuka kwenye pikipiki. Philomène hakucheka. Kaniambia niende nyumbani. Mara ya kwanza tangu nirudi ananiita jina: weye Elie, uko mutu gani? Jina langu nimelibeba mpaka nyumbani.

Jumamosi, tarehe 9

Gisèle, binti wa Philomène, kaja kuniita. Nimeoga mara mbili.

Philomène kaninyooshea mtaro kwa mwiko. Maji yalikuwa yanapita! Kasema wazo ni zuri, mwenye wazo ndiye takataka. Kuanzia leo kila mtu na sahani yake, sahani moja, kofia ya pikipiki hapana. Makartoni ya Édouard kayarudisha.

Kisha kaingia ndani, kafungua sanduku la vitenge vyake. Katoka na sahani. Nyeupe. Ukingo wa buluu. Imebanduka pembeni.

Kasema: ulikimbia, sombe hukumaliza.

Aliiosha siku ile, akaificha. Alikimbia nayo porini, akarudi nayo. Miaka yote hiyo.

Kaijaza. Nimekula nimeinama. Pilipili ilikuwa kali sana, macho yalinitoka maji. Gisèle kasema leo hawakutia pilipili. Mtoto ana mdomo huyo!

Philomène kaniomba kitu kimoja: nije nayo mwenyewe kila siku, mkononi, bila karatasi, bila akili nyingi. Nimeapa.

Jumapili, tarehe 10

Jana nilipoondoka niliisahau sahani makusudi. Mtu aliyeitunza miaka ishirini na miwili atashindwa kuileta nyumba ya tano? Nimevaa shati la sikukuu. Nimeweka viti viwili mlangoni. Nimengoja tangu misa ya kwanza.

Saa saba sahani imefika. Mikononi mwa Édouard. Imelambwa! Eti ya kwake aliisahau, Philomène akamwazima yangu. Kaniletea na maneno ya Philomène: leo Elie hana sahani, basi Elie hana chakula. Kisha kakaa kwenye kile kiti cha pili, akajinyoosha.

Nimeelewa kosa langu. Niliiacha mezani, mahali pa wazi. Kesho nitaisahau chini ya kiti chake Philomène, Édouard hawezi kuinama mara mbili kwa wiki moja. Na ndani nitaweka barua ya kumwita nyumbani, kutoka kamati nyingine kabisa.

Muhuri upo. Ndala ya mguu wa kushoto. Hiyo hakuna anayeijua.