Malalamiko Rasmi Kuhusu Kichwa cha Amoding

Paulinus Omuse,
Gesti ya Pumzika Dereva,
Malaba.
Alhamisi, asubuhi.

Kwa Mwalimu Mkuu,
Bi. Ziada Mbarak,
Shule ya Upili ya Relini,
Malaba.

Mwalimu Mkuu mheshimiwa,

MINTARAFU: BINTI YANGU KUKALISHWA BENCHI KWA KOSA LA KUWA NA KICHWA

Nakuandikia kwa heshima zote nilizoweza kukusanya asubuhi hii, na mahali utakapoona zimepungua ujue nilikuwa nimekasirika kidogo, halafu nikaendelea. Mimi ni baba yake Amoding wa kidato cha tatu, yule mshambulizi ambaye madereva wa malori kutoka hapa mpaka Jinja wanamwita Kichwa. Jina hilo hakulipata kwa masomo, ingawa hata huko hana shida. Alilipata kwa sababu kona ikipigwa, mabeki wanachunga miguu yake, na yeye anafunga kwa kichwa.

Kama unavyojua, Jumamosi iliyopita tulicheza nusu fainali ya kaunti kule Busia. Mechi ikielekea ukingoni kona ikapigwa, Amoding akaruka, beki naye akaruka, na vichwa viwili vikakutana hewani kwa mlio ambao niliusikia mimi niliyekuwa nyuma ya goli la upande wa pili. Mpira ukaingia. Mbili moja. Badala ya kubebwa mabegani, mwanangu akatolewa nje kwa ile kanuni yenu mpya: mchezaji akigongwa kichwa anatoka, harudi siku hiyo, na hagusi mpira tena mpaka muuguzi wa shule na daktari waridhike. Fainali ni keshokutwa, dhidi ya wasichana wa Port Victoria ambao wamelishwa samaki wa ngege tangu hawajaota meno, na Amoding hayumo kwenye kikosi. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kanuni yenyewe. Sisemi ilipitishwa kwa siri. Nilikuwepo kwenye mkutano wa wazazi, nikainua mkono kuiunga mkono, na kama sikosei niliinua mikono yote miwili. Lakini niliiunga mkono nikijua inahusu watoto wa watu wengine. Hakuna aliyesimama kutueleza kwamba kanuni ikishapitishwa inaweza kumkamata mtu anayefunga mabao. Hilo lingesemwa wazi, kikao kingechukua mkondo mwingine.

2. Maswali ya pale uwanjani. Amoding alipoinuka, Sista Ajiambo, muuguzi wenu, alimshika mabega akamuuliza tuko wapi, na nani amefunga bao la mwisho. Kwa swali la kwanza alijibu, "Tororo." Kwa la pili alijibu kwamba hajui. Kwa majibu hayo mawili tu mtoto akavuliwa jezi.

Mwalimu, hebu tuwe wakweli. Nusu ya ukoo wetu iko Tororo. Mama mkwe wangu nyumba yake iko Uganda na shamba lake la mihogo, kwa hisani ya waliochora mpaka, liko Kenya, na mama huyo analala na kulima bila kumuuliza mtu yuko wapi. Hapa Malaba mtoto hutumwa chapati ng'ambo akarudi kabla chai haijapoa. Mtu aliyelelewa hivyo ukimuuliza ghafla "tuko wapi", lazima kwanza afikirie unamaanisha kwa sheria ama kwa mazoea. Sista Ajiambo ni mama mwema, lakini anatoka Marachi, ambako unaweza kutembea kutwa nzima na bado uko Kenya. Hawezi kujua taabu zetu.

Na kuhusu bao, huo ni unyenyekevu. Wangapi wanafunga bao la ushindi halafu wanasema hawamjui aliyelifunga? Mngempa cheti cha nidhamu. Wengine wananitajia kwamba alipoinuka alikwenda kusimama pamoja na mabeki wa wapinzani, akapanga nao ukuta. Naomba ieleweke kwamba nyumbani kwangu tumemfundisha kuwakaribia wageni.

3. Kubadilishwa kwa mtihani. Hapa ndipo nilipoumia. Baada ya kuona kwamba kila Sista akimpima maswali ni yale yale, mimi kama mzazi anayejali elimu nilikaa na mwanangu nikamfundisha majibu. Tuko Busia. Tumeshinda mbili moja. Nimefunga mimi. Tumeyarudia wakati wa uji, tumeyarudia akifua, tumeyarudia mpaka wageni wa gesti nao wakayashika, na kuna dereva mmoja kutoka Kigali ambaye sasa ukimsalimu anakujibu kwamba amefunga yeye. Sikatai kwamba Amoding alikuwa akiyasahau kati ya uji na chakula cha mchana. Msichana ambaye zamani ukimtuma dukani vitu kumi analeta kumi na chenji! Nikajua ni ukaidi wa umri, nikaongeza bidii.

Jana akayashika yote. Nikamleta kwa Sista nikiwa nimevaa koti. Sista akamtazama, akaweka yale maswali kando, akamwambia ataje miezi ya mwaka kwa kurudi nyuma kuanzia Desemba. Mwalimu, ni mtihani gani huo unaobadilishwa bila wazazi kupewa notisi? Mimi mwenyewe nilijaribu kimyakimya pale mlangoni nikakwama Agosti, na hakuna aliyenizuia kurudi kazini. Nilipomsihi afanye haraka kwa sababu fainali haingoji, alinijibu mbele ya watoto, "Mzee, kichwa si lori. Hakuna clearing agent wa kukipitisha." Watoto wakacheka. Sikuona cha kuchekesha.

4. Afya ya mtoto, ambayo ni nzuri. Nimemchunguza mwenyewe tangu Jumamosi. Analala vizuri, tena analala sana, hata mchana, jambo ambalo mwanamichezo yeyote anapaswa kulifanya. Hapendi jua, anakaa chumbani na pazia limefungwa, na mimi nachukulia kwamba ameanza kutunza ngozi yake, maana amefika umri huo. Juzi alitia chumvi kwenye chai ya wageni. Wageni walikunywa.

Kuna suala la honi. Unajua gesti yangu iko kando ya barabara ya malori, na foleni ikiwa ndefu madereva wanapiga honi tangu alfajiri. Amoding amezaliwa kwenye kelele hizo. Akiwa mchanga alikuwa halali mpaka asikie honi, na siku ambayo mpakani kulikuwa kimya alilia. Timu ikishinda madereva humpigia honi zote kwa pamoja naye huwapungia mkono kutoka barazani. Jumapili walimpigia hivyo kumpongeza. Aliziba masikio akaingia ndani, akakaa chini nyuma ya mlango. Dereva mmoja anaitwa Adam, mtu wa Busia anayepita hapa kila wiki, alishuka akaniuliza, "Boss, mtoto yako ako sawa? Mbona amekimbia kama mtu amechapwa?" Nilimwambia umaarufu una mzigo wake. Adam hakuondoka mara moja. Alisimama pale akiuangalia ule mlango, na tangu siku hiyo madereva wamekubaliana wenyewe kwamba hakuna kupiga honi wakifika kwangu. Sijawahi kuona Malaba ikinyamaza hivyo, na nakiri kimya hicho sikipendi.

Mama yake anadai kwamba mtoto akikosa neno katikati ya sentensi analia. Lakini mama yake tangu zamani si mtu wa mpira.

5. Usawa mbele ya kanuni. Kama kugongwa kichwa kunamwondoa mtu kazini mpaka daktari aridhike, basi tufuate haki mpaka mwisho. Mlango wa chumba namba tatu cha gesti yangu ni mfupi, na kila mgeni mrefu anagonga kichwa akiingia na tena akitoka. Kwa kanuni yenu, wageni hao wasiguse usukani. Malori yao yabaki hapo yalipo. Foleni irudi nyuma ipite Amagoro, ipite Bungoma, petroli isivuke, simiti isivuke, na wale ndugu zetu wa ng'ambo wakikosa bidhaa waelezwe kwamba ni kwa sababu Sista Ajiambo hajaridhika. Makuli wanaogongwa na milango ya kontena nao wapumzike. Maofisa wa mpakani, ambao kwa baadhi ya maswali wanayoniuliza nahisi nao waligongwa zamani, wapumzike pia. Mwisho tutakaa benchi wote, Kenya na Uganda, tukitajiana miezi kwa kurudi nyuma, na mpaka utafungwa si kwa vita wala kwa ugonjwa, ila kwa kona moja iliyopigwa Busia. Jiulize kama hayo ndiyo mliyokusudia.

6. Heshima yangu binafsi. Shemeji yangu Okurut wa ng'ambo amealikwa kwa ajili ya fainali, mtungi wa ajono, pombe yetu ya wimbi, umeshaandaliwa, na mirija yake mirefu imeoshwa. Watu watakaa kuuzunguka mtungi huo wakiwa na swali moja tu, na mimi ndiye nitakayeulizwa.

Kwa hivyo, Mwalimu Mkuu, naomba mojawapo ya mambo haya. Ama Amoding acheze fainali akiwa ameahidi kwa maandishi kutotumia kichwa isipokuwa panapo kona. Ama acheze akiwa amevaa helmeti ya bodaboda, ambayo nimeshaazimwa, na ambayo ina kioo cha mbele kwa ajili ya lile jua asilolipenda. Ama Mwalimu Hesbon, kocha wetu, asimame karibu na mstari amkumbushe mara kwa mara goli letu ni lipi. Na kama yote hayo yamewashinda, basi Sista atoe maswali yake leo jioni ili mtoto apate muda wa kutosha wa kudurusu, kama mitihani mingine yote ya nchi hii.

Sitaki ionekane napinga usalama. Usalama ni jambo zuri sana na nitaliunga mkono tena kwa mikono yote miwili kuanzia Jumatatu.

Nisalimie walimu wote, nisalimie mpishi, nisalimie bawabu ambaye juzi alinizuia langoni kwa adabu, na Sista Ajiambo pia msalimie, ila usimwambie salamu zimetoka kwangu.

Ni mimi mzazi wako mtiifu nisiyetulia,

Paulinus Omuse,
baba yake Kichwa.

Tanbihi. Mwalimu, barua hii nilimpa Amoding mwenyewe akuletee. Nilifanya makusudi, ili umwone kwa macho yako anavyotembea vizuri. Ni njia anayoipita kila siku. Kutoka gesti ni kuvuka reli tu umefika kwako.

Sasa saa sita imepita na barua ninayo mimi. Alikwenda nayo shule ya msingi aliyomaliza kabla hajaja kwenu, upande mwingine kabisa wa mji. Mwalimu wa pale ndiye aliyenipigia simu. Nilimkuta amekaa dawati la nyuma na watoto wadogo, sare yake ya sekondari mwilini, bahasha mbele yake, anangoja kengele. Watoto walikuwa wamemsogezea kitabu asome nao.

Nilipoingia hakunisalimu. Aliniangalia, nikaona kabisa anajua kuna kitu nataka kwake, lakini hakijui. Kisha akaanza, taratibu, mikono juu ya dawati: "Tuko Busia. Tumeshinda mbili moja. Nimefunga mimi." Yote sahihi, kama nilivyomfundisha. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Naandika haya nyuma ya karatasi ile ile, nimekaa kwenye benchi la hospitali. Adam ndiye aliyetuleta; aliacha nafasi yake kwenye foleni. Daktari anasema ubongo ulitikisika, na kwamba kila siku niliyomkalisha kukariri ilikuwa siku ya kulala. Anasema akipumzika kweli kweli ana matumaini makubwa atarudi sawa, lakini kwanza anataka apigwe picha, na sasa wamempeleka. Mama yake yuko naye. Mimi nimeogopa, Mwalimu. Sijaogopa hivi tangu nizaliwe.

Sista Ajiambo, aliyepigiwa simu na yule mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amefika kabla yetu. Nilikuwa nimejiandaa kusemwa, na hajanisema. Amenipa chai, ndiye atakayekuletea karatasi hii, na ruhusa anayo ya kuisoma yote.

Futa namba moja mpaka sita. Helmeti nitairudisha kwa mwenyewe, ajono atainywa Okurut, na wasichana wa Port Victoria wakishinda tutawapigia makofi. Amoding asipangwe Jumamosi, wala muhula ujao, mpaka Sista atakaporidhika, hata akichukua mwaka. Na siku nitakapokuja ofisini kwako na koti langu nikakuapia kwamba mtoto ni mzima, tafadhali usinisikilize. Nikalishe chini, uniulize kwanza tuko wapi.