Maneno ya Siri ya Ofisi Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Redio ya katibu muhtasi imeshinda na mjadala mmoja: je, serikali inajali usalama wa mtandao? Wananchi wanapiga simu kwa hasira. Mmoja kasema ofisi za umma hufunga choo kwa kufuli na kuacha kompyuta wazi. Kweli tupu. Ufunguo wa choo chetu anao katibu muhtasi, na huupati bila kujieleza.

Tetesi: idara yetu itapata Afisa Usalama wa Mtandao. Chumba chake, feni yake. Mimi nimeozea masijala, nakohoa vumbi la majalada. Shemeji, fundi kompyuta wetu, tayari ameomba. Huyu anayelala kwenye kochi langu na kuanika soksi kwenye kiti changu! Nije nimwite mkuu? Kikulacho ki nguoni mwako.

Nina mpango. Nitaitumia ofisi barua pepe ya uongo kutoka "Kitengo cha Ulinzi wa Taarifa": kila mtumishi awasilishe neno lake la siri likaguliwe. Wakinaswa, nauanika uzembe redioni. Serikali itaamka, itauliza huyu ni nani. Cheo changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimetuma. Kimya. Nilisahau kwamba hapa barua pepe haisomwi kwenye kompyuta. Katibu muhtasi huichapa, huigonga muhuri wa "Imepokelewa", kisha huileta masijala. Yaani kwangu. Nimeufungulia mtego wangu jalada, nikaupa namba. Jioni umefika kwa bosi, naye kaandika pembeni: kwa utekelezaji wa haraka, nakala makao makuu.

Jumatano, 5 Machi

Yamekuja! Kwenye bahasha zilizoandikwa SIRI, mkononi mwangu. Neno la siri la bosi ni jina lake mwenyewe. Katibu muhtasi kasema yeye hana lake, hutumia la bosi. Mhasibu kaomba arudishiwe bahasha, zimeadimika. Shemeji peke yake kakataa, akauliza hicho kitengo kiko wapi. Nyumbani mke wangu kaniambia nijifunze kwa mdogo wake. Sikula.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya kuliko zote. Nimejifungia stoo, nikapiga simu redioni huku nimebana pua nisitambulike. Nikasema ninayo maneno ya siri ya ofisi nzima ya serikali, yako kwenye droo yangu. Mtangazaji akaniomba nipunguze redio, mwangwi unasumbua. Redio haikuwa yangu. Ilikuwa ya katibu muhtasi, upande wa pili wa ukuta. Nilipotoka, ofisi nzima ilikuwa imesimama mlangoni, bosi mbele.

Ijumaa, 7 Machi

Bosi hakunifukuza. Angenifukuza, angeulizwa nani aliandika "utekelezaji wa haraka". Kasema jambo limekwisha. Redioni msemaji wa serikali kasema usalama wa mtandao ni imara, mjadala ukafungwa. Cheo kapewa shemeji. Meza yake mpya nimeibeba mimi. Mke wangu kapika kwa furaha, mdogo wake akapakuliwa kwanza, mimi nikaachiwa vyombo. Nimelia jikoni, sifichi. Ng'ombe wa maskini hazai.

Jumatatu, 10 Machi

Waraka umeshuka kutoka makao makuu, kwa ofisi zote: kila mtumishi awasilishe neno lake la siri likaguliwe. Aya ya kwanza ni yangu, neno kwa neno. Chini yake sahihi kubwa na muhuri wa duara.

Shemeji kapita chumba kwa chumba akiwasihi watu wasijibu, eti ule utapeli wangu umepanda juu na sasa umerudi. Kijicho tu. Ulikuwa utapeli ulipokuwa wangu. Sasa una muhuri. Hatimaye serikali imenisikia!

Nimeandika neno langu la siri, nimelitia kwenye bahasha, nimelipeleka masijala. Nimelipokea, nimeligonga muhuri. Ofisi nzima, mimi ndiye wa kwanza.