Siku Gari la Shemeji Lilipoona Mvua

Kioo cha mbele cha gari la Shemeji kilivunjwa kwa idhini ya mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya mashahidi kumi na wawili!

Nayasema haya mapema kwa sababu baadaye alianza kusimulia habari za jiwe lililorushwa na tairi la lori. Hapakuwa na lori. Hapakuwa na jiwe. Palikuwa na Shemeji, palikuwa na mdomo wake, na palikuwa na jirani yetu mwashi, aliyekuwa akipita zake kutoka kazini na nyundo mkononi.

Shemeji ni mume wa dada yangu. Ni mtu mwema, wala simsengenyi, ila ulimi wake hauna breki. Mwezi huo alikuwa amenunua gari la kifahari, dude refu jeusi linalong'aa kama kiatu cha jenerali, lenye viti vinavyokanda mgongo na sauti ya mwanamke inayokusalimu ukifungua mlango. Tangu dude hilo lilipoingia uani, sisi wengine tuligeuka wapangaji wake. Nguo ziliondolewa kambani zisije zikalidondoshea maji. Dada aliagizwa kwamba akitaka kupiga chafya ageukie ukutani.

Alasiri hiyo Shemeji alikuwa amewakusanya majirani akiwafafanulia kitabu cha maelezo ya gari, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amesoma nusu ukurasa.

"Kioo hiki," akasema akikigonga kwa ukucha, "kina tabaka mbili. Hakipitishi risasi!"

Kitabu kilisema hakipitishi kelele. Lakini kwa Shemeji, kelele na risasi ni ndugu wa tumbo moja.

"Kwa hiyo hakipasuki?" mwashi akauliza.

"Kipasuke? Hiki? Hebu gonga!"

"Nigonge?"

"Gonga, bwana!"

"Kwa hii?" Mwashi akainua nyundo.

"Kwa hiyo hiyo! Unaogopa nini?"

Mwashi wetu ni mtu mtiifu. Akatemea mate viganja, akapima, akashusha. Kwa! Ufa ukaanzia pale nyundo ilipotua, ukatembea taratibu kwenda kulia kama mgeni anayekagua nyumba ya kupanga, ukasita, ukarudi kushoto, ukakata kona, ukapanda juu. Sote tuliusindikiza kwa macho.

"Nimetumia nusu ya nguvu tu," mwashi akasema kwa upole, akaenda zake.

Ubaya ni kwamba kesho yake Mama alikuwa anatoka hospitali. Huyo ni mama yangu, yaani mama mkwe wa Shemeji. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Mama ni mwalimu mstaafu, mwanamke wa maneno machache na yote ya kweli, na kwa miaka tisa ya ndoa ya dada yangu alikuwa hajawahi kumsifia Shemeji kwa lolote. Hata "hujambo" yake ilikuwa kama anasahihisha daftari. Sasa Shemeji alikuwa ameutangazia ukoo mzima kwamba Mama atarudi nyumbani kwa gari lake. Siku hiyo ndiyo angekubalika!

"Tukodi teksi tu," dada akasema usiku ule.

"Mama mkwe wangu apande teksi? Mimi nikiwa hai?"

Basi saa moja na nusu asubuhi, mimi na Shemeji tulikuwa mlangoni kwa fundi wa vioo vya magari. Fundi mwenyewe alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, mikono imetulia kama ya daktari. Karakana yake ilinukia gundi, na vioo vilipangwa vimesimama ukutani kama vitabu vya majitu.

Mama yule alijua kazi! Alitandika blanketi juu ya boneti, akang'oa waipa, akapitisha waya mwembamba chini ya kioo, yeye ndani na mwenzake nje, wakawa wanauvuta huku na huku kama watu wanaopasua mbao, mpaka gundi ya zamani ikakatika yote. Akasafisha ukingo kwa kisu na kitambaa. Akamimina gundi mpya nyeusi kuuzunguka, mstari mmoja usiokatika. Kisha wakaleta kioo kipya, wamekishika kwa vishikio vya mpira vinavyong'ang'ania kama kupe, wakakilaza mahali pake, wakabandika utepe juu kisiteleze.

"Safi!" Shemeji akasema, akinyoosha mkono. "Ufunguo."

"Bado, bosi. Kazi imebaki nusu."

"Nusu ipi? Kioo si hicho?"

"Kioo kipo. Jicho bado." Fundi akaonyesha kamera ndogo iliyojificha nyuma ya kioo cha kati cha kutazamia nyuma. "Gari hili linaitazama barabara kwa hii. Tumeitoa, tumeirudisha. Ikikaa upande, hata kwa unene wa ukucha, huko mbele itaona mambo mengine kabisa. Lazima niipime." Akaonyesha bango kubwa lenye miraba myeusi na myeupe, limesimama juu ya vyuma. "Gari linawekwa hapa, linasomeshwa bango hili, kwa muda wa saa mbili tu. Na gundi nayo itakuwa imeshika."

Shemeji akatazama saa yake. Ilikuwa saa tatu na nusu. Mama alikuwa anatoka saa nne.

"Gari langu lisomeshwe?" akafoka. "Mama, gari hili lina akili kuliko mimi na wewe!"

"Ndiyo maana nataka lione vizuri."

"Lete ufunguo!"

Yule mama hakubishana. Alileta karatasi. "Andika hapa kwamba umekataa. Na unisikilize. Zima vitu vyote vya kujiendesha. Acha dirisha wazi kidogo. Milango funga polepole, maana gundi ni mbichi, na hewa ikibanwa ndani itakisukuma kioo. Utepe usiuguse mpaka kesho."

Shemeji akatia sahihi ndefu yenye mikia mitatu, kama rais anayezindua daraja, tukaondoka.

Hatukufika mbali. Mita mia mbele akasimama, akashuka, akabandua utepe wote.

"Shemeji, fundi amesema..."

"Nitampokeaje Mama kwa gari lenye plasta kwenye paji la uso?"

Akapandisha madirisha yote, akawasha kiyoyozi. Vitu vya kujiendesha hakuzima hata kimoja. Angezimaje, na ndivyo alivyokuwa anakwenda kuringia?

Hospitalini tulimkuta Mama ameketi kwenye benchi la ukumbini, jicho la kulia limefunikwa, mkoba umesimama magotini. Muuguzi akatukabidhi dawa za matone na masharti. "Asiiname, asibebe mzigo, na asishtuliwe."

"Ashtuliwe? Ndani ya gari hili?" Shemeji akacheka. "Atadhani bado yuko kitandani!"

Akamfungulia Mama mlango wa mbele kwa kuinama mpaka tai yake ikafagia lami, akaufunga kwa adabu. Mimi nikakaa nyuma. Kiti cha Mama kikaanza kazi yake ya kukanda. Mama akakaa wima zaidi.

"Kuna mtu nyuma yangu?"

"Ni kiti, Mama. Kinakukanda mgongo."

"Kiambie kiache."

Tukaingia barabarani. Jua lilikuwa kali, anga imekauka kama sahani iliyofutwa. Mara ile sauti ya mwanamke ikasema, "Mvua kubwa. Endesha kwa uangalifu." Waipa zikaamka zote mbili, zikaanza kukimbizana juu ya kioo kikavu, kwiyo, kwiyo, kwiyo!

Mama akainamisha kichwa kidogo, akachungulia angani kwa jicho lake moja. "Mwanangu, mvua iko wapi?"

"Inakuja, Mama," Shemeji akajibu bila haya. "Gari hili linaona mbali."

Tukaenda hivyo, waipa zinapiga kelele, watu kwenye vituo wanatucheka, mwanamke mmoja akifungua mwavuli kwa mashaka. Kisha, kho! Gari likafunga breki lenyewe, mikanda ikatukaba. "Hatari! Mtu mbele!"

Mbele hapakuwa na mtu. Palikuwa na bango la tangazo la dawa ya meno, dada mmoja mkubwa kama ghorofa, anacheka.

"Mwanangu," Mama akasema, "yule ni picha."

"Tahadhari si mbaya, Mama."

Nilimwona Shemeji kwenye kioo cha kati. Jasho lilikuwa limeanza kumtoka kwenye nyusi, na Mama alikuwa bado hajasifia kitu. Hapo ndipo alipochukua uamuzi ambao hadi leo dada yangu hataki kuuzungumzia.

"Mama, sasa tazama maajabu," akasema, akainua mikono yote miwili juu. "Linajiendesha lenyewe!"

Lilijiendesha, sikatai. Lilianza kusogea kushoto, taratibu, kama mtu anayesogelea dirisha asikilize umbea. Likapanda ukingo wa barabara. Likashuka. Likapanda tena.

"Shika usukani," sauti ikasema.

"Usijali, Mama, huwa linasema hivyo."

"Shika usukani."

"Mwanangu, umeambiwa ushike usukani."

"Linatania, Mama!"

"Dereva hajibu," sauti ikasema kwa huzuni. "Nasimamisha gari. Naita msaada."

Na kweli likasimama, katikati ya mzunguko wa barabara tano! Taa zote zikaanza kukonyeza, honi zikatuzingira. Shemeji akakanyaga, akabonyeza, akasihi. Gari likagoma. Kiti cha Mama tu ndicho kilichoendelea na kazi.

"Nimejibu!" Shemeji akaipigia kelele dashibodi. "Dereva ni mimi! Nipo!"

"Dereva hajibu."

Hapo uvumilivu ukamwisha. Akashuka, na kwa hasira zake zote akaubamiza mlango. DUU!

Masikio yangu yakaziba. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, hewa haikuwa na pa kwenda, ikaenda palipokuwa na gundi mbichi. Kioo kikainuka upande wa juu, kwa heshima, kama bwana anayevua kofia. Kikalala mbele. Kikaanza kuteleza juu ya boneti, boneti ambayo Shemeji alikuwa ameipaka nta mara tatu wiki ile!

Shemeji akakirukia kama golikipa wa fainali, akakidaka kizima. Lakini kudaka ni kitu kimoja, na kuweka chini ni kingine. Kioo kilikuwa kizito, kipana kuliko mikono yake, na gundi nyeusi imekizunguka pande zote. Tai ikanasa. Kidevu kikanasa. Akabaki amesimama katikati ya mzunguko, amekumbatia kioo, magari yanampita kulia na kushoto.

"Unauza, mzee?" dereva mmoja akauliza.

Ndani ya gari, sasa tukiwa tunapepewa na upepo halisi, sauti mpya ikatoka kwenye dashibodi, ya dada wa huduma za dharura. "Halo? Dereva, unanisikia?"

Mama akajibu, maana akiulizwa swali hujibu. "Dereva ametoka."

"Ametoka? Ametokaje, mama? Kioo cha mbele kipo?"

"Hakipo. Kimetoka pia. Yuko nacho huko mbele."

Yule dada akapaza sauti. "Msimguse! Msimsogeze! Gari la wagonjwa linakuja!"

Nilijaribu kufafanua, wallahi nilijaribu, lakini simu ilikuwa imekatika.

Lilifika kwa dakika sita, likipiga king'ora. Wakashuka wahudumu wawili na machela, mmoja mnene, mmoja na karatasi mkononi. Wakamkuta mtu mzima mwenye suti, amekumbatia kioo, amepakaa weusi mpaka masikioni, anaitukana boneti.

"Sina kitu!" Shemeji akawaambia. "Mimi ni mzima kabisa!"

"Wote husema hivyo," yule mnene akamjibu, akimvisha kola ya shingo. Mimi na askari wa barabarani aliyevutwa na zile honi tukakipokea kioo, tai ikabaki nacho.

Mwenye karatasi akamgeukia Mama. "Mama, tangu ajali itokee, amekuwaje? Ana dalili zozote?"

Shemeji akamtazama Mama kwa macho ya kuomba. Lakini Mama, kama nilivyosema, ni mtu wa kweli.

"Ilimwanza kabla ya hapo," akasema. "Alisema mvua inakuja. Akasimamisha gari kwa ajili ya picha ya ukutani. Kisha akainua mikono juu, akawa anajibizana na mwanamke ambaye simwoni."

Wahudumu wakatazamana. Mikanda ya machela ikakazwa.

Niwahi kusema kwamba mwisho wake haukuwa mbaya. Jicho la Mama lilipona, na siku hiyo alifika nyumbani kwa teksi. Gari lilivutwa mpaka kwa yule fundi mama, likawekwa kioo upya, likasomeshwa bango lake kwa muda wa saa mbili kamili, na leo hii linaona vizuri kuliko sisi sote. Shemeji naye walimruhusu arudi nyumbani jioni ile ile, baada ya kupigwa picha za kichwa mara mbili na kuulizwa leo ni siku gani na madaktari wanne tofauti.

Lakini pale kwenye mzunguko, alipokuwa amelazwa chali, na umati umesimama na simu juu, hayo yote alikuwa hayajui. Alijua tu kwamba majirani watamwona. Akakusanya heshima yote iliyobaki mwilini.

"Nifungueni!" akanguruma. "Mnajua mimi ni nani? Mimi ni kioo cha jamii!"

Mwenye karatasi akaacha kuandika. Akamtazama kwa huruma.

"Tangu lini umekuwa kioo, baba?"

Mwenzake akashika mguu wa machela. "Usimuulize maswali," akamnong'oneza. "Tumnyanyue taratibu, asije akapasuka."