Jeuri ya Ndoo Hapa Buguruni

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, Ndugu Katibu, Ndugu Msaidizi wa Katibu unayenishikia mwavuli, mabalozi wa nyumba kumi kumi, wazee wetu, shikamooni, kinamama wa ngoma, na ndugu wananchi wote mliokuja kwa hiari baada ya kufuatwa majumbani: Uhuru! (Na kazi!)

Mimi Apolinari, Mratibu Mkuu wa Projekti ya Maji, nimetumwa kufungua bomba hili, lakini kabla sijakata utepe nalazimika kulizungumzia neno moja linalorudisha nyuma taifa changa, nalo ni jeuri. Kamati yangu ilikaa siku nne Morogoro, kwa chakula kizuri, ikafanya uchambuzi wa kitaalamu, ikaafikiana kwa asilimia tisini na sita kwamba jeuri ni mtu kuelezwa jambo na wakubwa, akalielewa vizuri kabisa, halafu akagoma. (Makofi ya kamati.)

Mfano wa matumizi tunao hapa mbele. Bi. Eufrazia, muuza mihogo, ameweka ndoo chini ya bomba tangu asubuhi. Nimemwambia, "Mama, ondoa ndoo, inaharibu picha ya gazeti." Kanijibu, "Mwanangu, mie maji nayafuata mwendo wa saa nzima, mgongo umekwisha. Siondoi mpaka ijae." Hiyo ndiyo jeuri, ndugu wananchi! (Vigelegele, lakini vya kumshangilia Bi. Eufrazia.)

Namsikia Mzee Shomari anauliza: na anayekata utepe wa bomba lisilotoa maji, huyo ana nini? Mzee wangu, huyo ana ratiba. (Kicheko kirefu.) Awamu ya kwanza, yaani ya hotuba, tumeitekeleza kwa asilimia mia moja na kumi, na mimi binafsi nimesimama juani bila kulalamika, jambo ambalo viongozi wengine hawaliwezi.

Sasa nakata. (Anakata. Halidondoki hata tone.) Mama, usilitikise! Mama, nakuomba! (Bi. Eufrazia analivuta bomba. Linang'oka lote, na chini yake ni mchanga mkavu. Watu hawana mbavu.)

Ndugu wananchi, maji ni uhai! Kujitegemea ni kuchota mwenyewe! Jeuri ife! (Isife!) Nawashukuru nyote, namshukuru mpiga picha, na kipekee nawashukuru wenzetu wa bohari moja kule Kurasini waliotuazima bomba hili mpaka saa kumi. Bi. Eufrazia, kwa hisani yako, nirudishie, lori linaningoja.

("Sirudishi mpaka maji yaje," anajibu Bi. Eufrazia, na kulitia ndooni.)