Msuli wangu ndani ya kisima cha msikiti

Leo nimefedheheka mbele ya msikiti mzima, na aibu yenyewe ilianza mwaka sabini na mbili. Nilikuwa na miaka minane. Baba amekufa, shule nimeacha, nachota maji kule Mgogoni niwauzie wenye nyumba. Mama alinifunza kufunga kitambaa kwenye mdomo wa mtungi, uchafu ubaki nje. Hadi leo naiona mikono yake ikikaza lile fundo.

Basi pampu ya msikiti wetu hapa Madungu naitazama mie. Siku ilipofungwa mpya, nilikaza kitambaa kwenye mdomo wa bomba linalovuta maji kisimani, kama mama. Wiki hii ikaanza kelele, kama changarawe ndani ya kopo. Nikasema mchanga umepenya. Nikaongeza kitambaa cha pili. (Msuli wangu wa zamani wa kuvaa kiunoni. Umefuliwa.) Kelele zikazidi.

Leo Ijumaa, watu wanakuja kutawadha, tangi kavu. Mjukuu wangu Zuhura, anayesomea uhandisi, alikwisha kuichora pampu ile kwenye kompyuta yake. Akatuonyesha inavyozunguka, imejaa mapovu.

"Babu, pampu inanyimwa maji. Yanachemka humo ndani yakiwa baridi, mapovu yanapasuka, yanakula feni inayosukuma maji."

"Maji yachemke bila moto? Basi nipikie wali humo."

Watu wakacheka. Nikavimba kichwa.

"Mdomo wa bomba ukizibwa ndiyo huwa hivi. Umeziba na nini?"

"Mie sizibi. Mie nachuja."

Shehe akatazama saa. "Mzee Khamis, bomba litoke. Adhana hiyo."

Wakalivuta. Msuli ukatoka na tope lake, tobo la nyuma likiwatazama waumini wote.

Jirani yangu Faki akauliza taratibu, "Kumbe wiki nzima tunatawadhia maji ya msuli wa Khamis?"

"Umefuliwa," nikasema. Hakuna aliyesikia.

Bomba likarudishwa tupu, maji yakapanda bila kelele, tukaswali kwa wakati. Baada ya swala tukaifungua pampu. Feni imedokolewa kama papai lililoliwa na kunguru.

Zuhura alikuwa anahangaika kulifungua fundo. "Nani alikufunza kufunga hivi, babu?"

"Mama yangu."

Yeye peke yake hakucheka.

Nyinyi wengine chekeni, ila mjue mnamcheka nani. Sikumaliza darasa la pili. Leo nina nyumba ya tofali, mikarafuu Mgogoni, ng'ombe wawili, pikipiki, na feni moja ya pampu yenye matobo.