Ndoo za Mnang'ani na Nyangumi wa Afrika Kusini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kijiji, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji, waheshimiwa wake wa waheshimiwa, shehe wetu na mchungaji wetu mliokubali kugawana benchi moja, wazee wangu shikamooni, vijana wa bodaboda zimeni hizo injini, wafugaji mliowaacha ng'ombe nyumbani na ninyi mliokuja nao, wageni waalikwa ambao hawakufika, na ninyi wananchi wa kawaida wa Mnang'ani mliosimama juani na ndoo zenu: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Ng'ombe mmoja anaitikia.)

Mimi Emilian, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Kisima cha Mnang'ani, nimerejea salama kutoka Afrika Kusini, nilikokwenda kwa ajili yenu kwenye stadi tua, yaani ziara ya mafunzo, ya kimkakati, maana mradi wa maji hauanzi hivi hivi tu kabla mratibu hajayaona maji mengi kwa macho yake, akayatafakari, akapiga nayo picha, na kwa hapa nchini, niseme ukweli, maji ya kiwango hicho hatuna. (Mzee Andrea: "Na Ziwa Kindai je? Si lipo hapo mjini?") Mzee wangu, Kindai ni maji ya chumvi. ("Na ya baharini?") Mzee Andrea, itifaki! (Kicheko kirefu.)

Yule jogoo mliyenipa niwapelekee wenyeji wetu alisafiri vizuri mpaka Dodoma, akashindwa kuendelea, tukamla kwa niaba yao.

Basi, tulipofika tukapakiwa kwenye boti, tukayumba, nami kama mwakilishi wenu nikatapika kiuwakilishi, nikachangia chakula cha samaki wa kule, mara nahodha akapiga yowe, na nyangumi huyo! Ndugu zangu, chukueni zizi la Mzee Ezekieli, liacheni na ng'ombe wake wote ndani, halafu lifundisheni kuogelea. Akainua kichwa, akarusha maji juu, puuu! Hapo hapo nikasema, tazama mtaalamu, anapandisha maji bila dizeli, bila spea, bila kumbembeleza fundi wa mjini! (Makofi ya kamati.) Nikamwona sili, mnyama wa baharini, amejilaza juu ya jiwe, masharubu yake kama ya Mzee Andrea na shughuli zake vilevile. (Mzee Andrea: "Mimi nalala kwangu, sijalala safarini!") Nikaona pengwini, wamejipanga kama wazee wa kanisa siku ya kumpokea askofu, koti jeusi, shati jeupe, kazi hakuna.

(Mama Theresia: "Mheshimiwa, na pampu umekuja nayo?")

Mama Theresia, nakuja huko.

("Njoo upesi, baba. Binti yangu Pendo amejifungua juzi, kichanga tunamwogesha kwa kikombe. Maji yenyewe tunafukua kwenye mchanga wa korongo, tunagombana na punda.")

Hongereni sana kwa kichanga. Lakini kitaalamu, mama, nilimwona mtoto wa nyangumi, hajawahi kuogeshwa hata siku moja, na sikumsikia akilalamika! (Kamati inacheka. Kina mama hawacheki.)

Napenda kutangaza kwamba utekelezaji wa mradi umefikia asilimia mia moja na kumi na mbili: uhamasishaji asilimia mia, na hizo kumi na mbili ni juhudi zangu binafsi. Stekiholda wote, wadau wa mradi, wamehusishwa isipokuwa walioko mbali, yaani ninyi. Naomba sasa kaulimbiu: nikisema Mnang'ani, mnajibu, tunaelea! Mnang'ani! (Dorika, mwenye punda wa madumu: "Tunakauka!") Kwa sauti moja jamani! Mnang'ani! (Kwa sauti moja: "Tunakauka!") Naona bado mnajifunza.

Mwisho kabisa, nawashukuru kwa nidhamu ya kuitikia tangazo langu kwamba kila kaya ije na ndoo. Wengine mmekuja nazo mbili, Dorika kaleta na madumu. Sasa nimesikia minong'ono, eti bomba liko upande gani. Bomba? Ndugu zangu, ule utepe mwekundu pale umefungwa kwenye vichaka viwili, katikati ni majani. Kisima hakijachimbwa, mchimbaji hajatafutwa, na pampu haijaagizwa, maana hayo yote yanasubiri stadi tua ya pili. Ndoo niliziomba kwa sababu kamati iliona kukodi viti ni ubadhirifu. Kwa hiyo zigeuzeni, mkalie, nina picha mia tatu za nyangumi kwenye simu, tutazipitisha mkono kwa mkono.

(Ndoo zinageuzwa. Hakuna anayekaa. Dorika anaanza kuipiga yake kama ngoma, Mama Theresia anapokea, kisha uwanja mzima. Ng'ombe wanakimbia. Spika haisikiki tena.)

Asanteni! Asanteni sana! Shangwe ya namna hii hata Afrika Kusini sikuipata!